Namna ya Kuua Jengo la Kale katika Nchi ya Majani Chai

Jengo la kale haliuawi na tingatinga. Tingatinga huja mwisho, wakati kazi yote imeshamalizwa na watu waliovaa suti, watu waliokaa kimya, na mvua. Nimeandika mwongozo huu nikifuata hatua ambazo majengo na mahali pa kale hupitishwa hadi yakafa huku Kericho na Bomet, na kwa kila hatua nimeweka kinga yake. Kichwa cha makala ni cha uchokozi. Yaliyomo nayasema kwa dhati, kwa sababu nataka wewe unayeishi Litein, Sotik, Kipkelion au Mogogosiek uijue mbinu mapema, kabla alama ya X nyekundu haijapakwa ukutani.

Kwanza, hakikisha jengo limejengwa baada ya mwaka 1895.

Hii ndiyo silaha kubwa kuliko zote, na wengi hawajui kama ipo. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 hulinda bila kuombwa jengo lolote lililojengwa kabla ya 1895, isipokuwa Waziri aamue kuliondoa kwenye ulinzi huo. Mwaka 1895 ndio Uingereza ilipotangaza himaya yake Afrika Mashariki. Kwa mtu wa pwani, mstari huo una faida. Ngome ya Fort Jesus ilianza kujengwa 1593. Mji Mkongwe wa Lamu umejaa nyumba za mawe ya matumbawe zilizosimama kabla Mwingereza hajafikiria kujenga reli. Ndiyo maana Lamu iliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na Fort Jesus ikafuata 2011. Watu wa huko wana historia iliyoandikwa kwa mawe na chokaa, na sheria inaisoma.

Sasa panda huku kwetu. Reli ilipita Londiani, Lumbwa na Fort Ternan na kufika ziwani mwaka 1901. Kampuni ya Brooke Bond na ile ya James Finlay zilianza kupanda chai ya biashara Kericho katikati ya miaka ya 1920. Kwa hiyo stesheni, bangalo, kiwanda, kanisa la mawe na duka la Mhindi vyote vimezaliwa upande usiofaa wa mstari. Nao Wakipsigis walioishi hapa kabla ya 1895 walijenga kwa miti, udongo na nyasi, na nyumba ya namna hiyo hujengwa upya kila inapochakaa. Ukiipima nchi ya chai kwa kipimo cha mawe ya kabla ya 1895, utatangaza kwamba haina historia, na utakuwa umetumia sheria halali kufanya hivyo.

Kinga iko ndani ya sheria hiyohiyo. Waziri anayehusika na turathi, akishauriana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, anaweza kutangaza kwenye Gazeti Rasmi la Serikali kwamba jengo au mahali pa umri wowote ni kumbukumbu inayolindwa. Umri wowote. Kinachotakiwa ni thamani ya kihistoria, ya kitamaduni, ya kisayansi au ya usanifu. Lakini Waziri hataota ndoto ya Kapkatet usiku. Lazima mtu apeleke ombi, na ombi lenyewe lieleze jambo kwa ushahidi. Pwani wamekuwa wakifanya hivyo kwa miaka mingi. Sisi bado tunasubiri mtu wa Nairobi atukumbuke.

Neno "mahali" katika sheria hiyo ni la thamani sana kwetu, kwa sababu sehemu kubwa ya turathi ya Wakipsigis haina ukuta. Kuna vilima ambako jamii ilikutana kutoa sadaka, kapkoros. Kiwanda kimoja cha wakulima wadogo huko Bomet kinaitwa Kapkoros hadi leo. Kuna miti ya kikao, kuna mahali ambapo mifugo ilipelekwa kulamba chumvi ya ardhini, kuna makaburi. Mahali kama hapo ni rahisi kuua kuliko nyumba, kwa kuwa miche ya chai ikishapandwa hakuna kifusi kitakachobaki kuuliza maswali. Halafu kuna Fort Ternan, ambako Louis Leakey, kwa msaada wa mwenye shamba Fred Wicker, alipata mwaka 1961 mabaki ya kiumbe aliyepewa jina la Kenyapithecus wickeri, aliyeishi miaka takriban milioni 14 iliyopita. Watu husafiri mbali kwenda kuona mifupa ya kale, na mtoto wa Kericho anamaliza shule ya msingi bila kuambiwa kwamba tarafa ya jirani imo katika vitabu vya sayansi duniani kote.

Pili, usiguse paa.

Kericho na Nandi Hills hutajwa miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi. Wakulima wanaijua kwa majani yaliyochanwachanwa na mshahara uliopungua. Majengo yanaijua kwa njia nyingine. Barafu hupiga bati la zamani hadi misumari ikalegea. Maji huingia kwenye tundu dogo, hushuka kwenye boriti, na boriti huanza kuoza kutoka ndani ambako jicho halifiki. Mfereji wa maji ukiziba kwa majani ya mkaratusi, maji hufurika na kuteremka ukutani, na ukuta hunyonya. Ndani ya misimu michache plasta inavimba, inapasuka, inaanguka. Hapo mkaguzi anaitwa, anaandika kwamba jengo ni hatari kwa umma, na kweli ni hatari. Hakuna aliyesema uongo popote katika safari hiyo.

Zanzibar walijifunza somo hili kwa uchungu. Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash lililojengwa 1883, lilikuwa ndani ya Mji Mkongwe, eneo la Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Lilikuwa na jina, lilikuwa na heshima, lilikuwa na hati zote. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa iliporomoka, na watu wawili wakafa. Tangazo la ulinzi halizuii maji.

Kwa hiyo kinga ya hatua hii ni ngazi, fundi na siku moja ya kazi kabla ya masika. Zibua mifereji. Badilisha bati lililotoboka kwa bati la umbo lilelile. Usikubali mtu apake saruji nzito juu ya ukuta wa mawe uliojengwa kwa udongo wa chokaa, wala rangi ya mafuta juu ya matofali, kwa sababu unyevu uliomo utakosa pa kutokea na utakula jiwe lenyewe. Fundi wa kijijini anayejua kuchanganya chokaa ana thamani kuliko mkandarasi mwenye gari jipya, na kama yuko mmoja karibu nawe, mpe kijana wa kufuatana naye.

Tatu, mali ibadilishe mikono hadi karatasi zipotee.

Fuata historia ya shamba moja kubwa la Kericho. Lilianza kwa jina la Brooke Bond. Mwaka 1984 Unilever wakainunua Brooke Bond. Baadaye Unilever wakaitenga biashara ya chai chini ya jina ekaterra na kuiuza, nayo ikawa Lipton Teas and Infusions. Upande wa pili wa barabara, mashamba ya James Finlay Kenya yaliuzwa kwa Browns Investments ya Sri Lanka mwaka 2023. Kila uuzaji una wanasheria, wathamini na wahasibu. Wanahesabu hekta, mashine na madeni. Sijawahi kuona mahali katika hesabu hizo panapouliza kabati la michoro ya majengo liko wapi, au nani ana daftari la wafanyakazi wa mwaka 1938, au picha zilizotundikwa klabuni zimechukuliwa na nani.

Hapo ndipo jengo hupoteza kumbukumbu yake likiwa bado limesimama. Bangalo bila mchoro, bila tarehe na bila majina ya waliolijenga ni nyumba kuukuu tu, na hakuna hakimu atakayeizuia isibomolewe.

Katiba ya 2010 imekupa nyenzo. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa dola, na pia habari iliyo mikononi mwa mtu mwingine yeyote ikiwa inahitajika ili kulinda haki. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 ikaweka utaratibu, na afisa wa umma ana siku 21 za kujibu ombi. Andika kwa kaunti uulize plani zilizoidhinishwa. Andika kwa kampuni uulize orodha ya majengo yake yenye zaidi ya miaka 50. Weka nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Hata ukinyimwa, barua ya kunyimwa nayo ni hati, maana inaonyesha kwamba uliuliza, lini, na nani alikataa.

Nne, sema kwamba ni la Mzungu.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu hatua hii hufanya kazi kwa watu wema. Anayesema "wacha ibomoke, ilikuwa nyumba ya beberu" si mjinga. Ana sababu. Mwaka 1905 msafara wa kijeshi wa Waingereza uliwashambulia Wakipsigis wa Sotik, ukaua na kuteka mifugo. Ardhi nzuri ikagawiwa walowezi na kampuni, na mwenye ardhi akawa kibarua au maskwota pale alipozaliwa. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria mahususi ya kuwaondoa Malaiboni, viongozi wa kiroho, na ukoo wao wa Talai, mamia ya watu pamoja na watoto na wazee, ukapelekwa Gwassi karibu na ziwa, mbali na nchi yao ya baridi. Waliobaki hai walirudi karibu na uhuru wakakuta ardhi yao ni bahari ya chai yenye hati za watu wengine. Wazao wao wangali wakidai. Tume ya Taifa ya Ardhi ilikubali mwaka 2019 kwamba dhuluma hizo zilitendeka. Wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kuhusu suala hili 2021, na mwaka 2022 Wakipsigis na Watalai walipeleka kesi dhidi ya Uingereza katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya.

Mtu mwenye historia hiyo mgongoni ukimwambia alinde baraza ya meneja wa Kiingereza, atakuuliza una akili gani. Namjibu hivi: bangalo hilo ni kielelezo katika kesi yako. Tarehe ya msingi wake inaonyesha lini ardhi ilikaliwa. Mahali lilipo, kileleni, likitazama bonde lote, panaonyesha nani alichaguliwa kutawala na nani alichaguliwa kutazamwa. Ukilibomoa, anayefurahi si babu yako. Anayefurahi ni yule ambaye siku moja atasimama mahakamani aseme kwamba hapakuwa na kitu hapa, kwamba chai ilimea yenyewe juu ya kilima kitupu.

Na kutoka pale lilipo bangalo, teremka chini ya kilima. Huko ndiko iliko kambi. Nyumba za wafanyakazi zimepangwa mistari, zimepakwa chokaa nyeupe, nyingine za duara, nyingine za matofali chini ya bati moja refu. Ingia katika moja ya zile kongwe ikiwa mwenyewe amekukaribisha. Mlango mmoja. Dirisha dogo lisilotosha mabega ya mtu mzima. Ukuta juu ya meko umekuwa mweusi kwa masizi ya miaka, mweusi unaong'aa kana kwamba umepakwa lami. Juu ya mlango kuna namba, na namba hiyo ndiyo iliyokuwa anwani ya familia, daftarini na kwa nyapara. Watu kutoka Kisii, Nyanza na Magharibi walizaa na kulea watoto ndani ya vyumba hivyo, na wapo walimu, madaktari na wabunge waliosoma kwa koroboi mle.

Nyumba hizo haziingii kwenye kitabu chochote cha watalii. Mashine za kuchuma chai zimepunguza vibarua, na chuki juu ya mashine hizo ilikuwa kali kiasi kwamba mwaka 2023 baadhi zilichomwa moto Kericho. Vibarua wakipungua, vyumba hubaki vitupu, na chumba kitupu kando ya chai ni nafasi ya kupanda chai zaidi. Hili ndilo linaloninyima usingizi. Bangalo huenda likaokolewa na mwekezaji anayetaka hoteli ya kifahari yenye picha za zamani ukutani. Kambi itafutika, na baada ya miaka 30 mgeni atalala kwenye bangalo lililorembwa akiamini kwamba maisha ya nchi ya chai yalikuwa vikombe vyeupe na nyasi zilizofyekwa vizuri.

Tano, ahidi kulifufua, kisha lifunge.

Mji wa Kericho una Tea Hotel, iliyojengwa na Brooke Bond miaka ya 1950 kando ya barabara ya kwenda Nakuru, yenye bustani zinazotazamana na chai. Harusi ngapi za Bonde la Ufa zilipigiwa picha pale? Imezorota kwa miaka mingi, na ahadi za kuirudishia hadhi yake zimetolewa zaidi ya mara moja. Kufunga ni njia tulivu ya kuua. Jengo lisilo na mtu halina wa kuona tone la kwanza la maji sakafuni, wala wa kumkimbiza anayeng'oa dirisha usiku. Kipkelion kuna funzo la namna nyingine: abasia ya watawa wa Trappist iliyofunguliwa miaka ya 1950 ilibaki bila watawa wake baada ya ghasia za uchaguzi za 2008, walipohamia Uganda. Vita pia hufunga milango.

Linganisha na gurdwara ya Kericho, hekalu la Wasikh, pale ambapo kiongozi wa dini Baba Puran Singh aliishi na kufanya kazi ya ufundi kabla ya kuhamia Uingereza miaka ya 1970. Wafuasi wake wanapatunza, na msafiri yeyote, awe dereva wa lori au mwanafunzi, wa dini yoyote, huingia, huvua viatu, hufunika kichwa, hula bure. Kwa sababu watu wanakula pale kila siku, yupo mtu wa kufagia kila siku na wa kuona kila ufa. Sakafu yake inang'aa kwa nyayo.

Kwa hiyo unapodai jengo lilindwe, dai pia matumizi. Maktaba ya kata, ofisi ya chama cha ushirika, kliniki ya mama na mtoto, chumba cha wazee kusimulia. Katiba imeipa serikali ya kaunti jukumu la makumbusho na shughuli za utamaduni, na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 imeipa mamlaka ya kutoa au kukataa idhini ya ujenzi. Kaunti za Kericho na Bomet hazihitaji ruhusa ya mtu ili kuandika orodha zao za majengo na vilima vya kulindwa, na kukataa plani yoyote inayogusa kilichomo mpaka umma usikilizwe. Wala haitakiwi fedha nyingi kuanza. Ule uwezo wa kutengeneza kilichopo sasa tunao: Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu la Kericho, lililofunguliwa 2015, lenye paa refu la vigae linaloteremka kama mgongo wa kilima, lilimaliziwa na mafundi wa hapahapa kwa kiwango kinachosifiwa hadi nje ya nchi. Mafundi hao wapo. Wapewe stesheni ya kukarabati.

Sasa ombi lenyewe, kwa wewe utakayeliandika.

Nenda na watu wawili, kamera ya simu na futi ya kupimia. Piga picha kila upande wa jengo na uandike tarehe. Andika jina ambalo watu wa pale wanaliita, hata kama kampuni ina jina lingine. Tafuta namba ya ploti kwenye ofisi ya ardhi, maana notisi isiyo na namba hupingwa kirahisi. Hoji wazee kabla ya kuhoji maafisa, na urekodi sauti zao kwa idhini yao: nani alichonga mawe, yalitoka machimbo gani, nani alilipwa na nani hakulipwa. Kisha pima urefu na upana wa baraza ya bangalo, teremka, pima chumba kimoja cha kambi, na uandike vipimo vyote viwili kwenye ukurasa mmoja. Usiongeze maelezo chini yake. Peleka nakala moja Makumbusho ya Taifa, nyingine wizarani, nyingine kwa waziri wa utamaduni wa kaunti, na nyingine ubaki nayo.

Nikipewa nafasi ya kutaja ombi la kwanza, siliombei bangalo peke yake. Naomba shamba moja zima litangazwe kwa notisi moja: nyumba ya meneja, kiwanda cha zamani, zahanati, shule, laini kamili ya nyumba za kambi zikiwa na namba zake milangoni, na kilima cha sadaka kilichokuwapo kabla ya vyote. Vikitenganishwa, mwekezaji atachukua kimoja na vingine vitapandwa chai.